Mpokezi Aliyekufa Mara Arobaini kwa Siku

Kabla hujasoma, weka mkono kifuani useme, "Sitamwambia mtu." Sema kwa sauti, usinung'unike. Umesema? Haya. Aliyenisimulia naye aliniapisha hivyo hivyo, nikaapa kwa kaburi la mama yangu, na ona sasa tulipofika. Soma mpaka mwisho, kisha mpelekee mwenzako mmoja tu. Naye umwapishe.

Jina la mji nalimeza. Ni mji wa milimani. Hospitali iko chini bondeni, na zahanati zimetawanyika huko juu migongoni mwa milima, barabara zake za kupanda na kukata kona mpaka tumbo likusokote.

Zamani nesi wa zahanati akitaka gari la wagonjwa alimpigia dereva simu. Dereva akiwa shemeji yako, gari lilifika kabla hujakata simu. Akiwa mtu mliyekosana msibani, lilipata pancha njiani. Watu wakalalamika, na walikuwa na haki. Hospitali ikaleta utaratibu mpya: kumpigia dereva simu ni marufuku. Kila zahanati ikapewa kompyuta. Nesi anafungua ukurasa, anajaza jina la mgonjwa na anachoumwa, anabonyeza TUMA. Ombi linasafiri hewani mpaka kwenye seva ya hospitali, na seva inalipeleka chumba cha madereva. Hakuna cha shemeji wala cha msiba.

Nieleze seva kidogo, maana hata mimi nilielezwa mara tatu. Ni kompyuta iliyofungiwa kwenye chumba cha baridi, ina betri yake, haizimwi mchana wala usiku. Ndani yake kulikuwa na programu waliyoiita Mpokezi. Kazi yake ni kama ya dada wa mgahawani: anachukua ulichoagiza, anakishika kichwani, anakwenda kukisema jikoni. Jikoni ndicho chumba cha madereva.

Sasa huyo Mpokezi alikuwa mgonjwa. Yuko katikati ya kazi, mara puu, amekufa.

Mkuu wa kompyuta wa hospitali, Injinia Zefania, akatunga programu ya pili, akaiita Mlinzi. Mlinzi hana kazi nyingine duniani. Kila dakika anamgongea Mpokezi: "Upo?" Akijibiwa "Nipo," ananyamaza. Asipojibiwa, anamwondoa maiti, anamweka Mpokezi mwingine mpya palepale, kisha anaandika kwenye daftari lake. Kufumba na kufumbua, kaunta ina mtu tena.

Lakini yule mpya hajui alichokuwa ameshika marehemu. Kama ombi lilikuwa bado kichwani mwake, halijafika jikoni, limezikwa naye.

Hilo Zefania alilijua. Mwingine hakulijua.

Zefania alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na funguo nyingi kiunoni, akitembea utasikia njuga. Pale getini alisimamisha ubao: MTAMBO WETU HAUJAZIMIKA, SIKU KADHAA. Hiyo "kadhaa" aliiandika mwenyewe kwa chaki kila asubuhi, tena kwa madaha, wagonjwa kwenye foleni wakimtazama. Siku mia. Siku mia mbili. Wageni kutoka mkoani walipiga picha mbele ya ubao ule.

Mwanzoni Mpokezi alikufa mara mbili kwa wiki. Baadaye mara mbili kwa siku. Ubao ulipofika siku mia nne, alikuwa anakufa mara arobaini kutoka jua kuchomoza mpaka kuzama. Mtu mwenye akili angemfungua amtazame ana nini. Lakini kumfungua kunataka mtambo uzimwe siku nzima, na ukizimwa, ubao unarudi sifuri. Zefania akamwacha Mlinzi aendelee kuzika na kuinua, kuzika na kuinua.

Mganga Mfawidhi wa hospitali, Dokta Mchomvu, aliwahi kumuuliza.

"Injinia, nasikia mtambo unasuasua."

"Dokta, umewahi kuukuta umelala?"

"Sijaukuta."

"Basi. Kinachoinuka chenyewe hakijaanguka."

Dokta akacheka, akaona amesikia hekima. Akaondoka.

Huko juu kabisa, kwenye zahanati ya mwisho barabara inapoishia, alikuwepo Nesi Nakijwa. Mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, miaka kumi na tisa pale pale. Alizalisha wanawake, akaja kuwazalisha binti zao. Kupendwa hakupendwa sana, tuseme ukweli. Akikukuta umemvalisha mtoto masweta matatu jua likiwaka atakusema mpaka ujute kuzaa. Mumewe alishamkimbia na mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Lakini kazi aliijua.

Siku ya Ijumaa, saa nane kasoro mchana, alimzalisha Elinaja, mke wa Togolani. Mtoto wa kike, mzima, analia kama kengele. Mama yake Elinaja, Bibi Yunisi, alikuwa pale na kanga zake mpya za kumpokelea mjukuu.

Damu ikaanza. Haikukoma.

Nakijwa akamkanda tumbo, akachoma sindano, akatundika dripu. Alipoona godoro limelowa mpaka chini, akajua hii inataka kisu na chupa za damu, na hivyo viko bondeni.

"Bibi, weka mkono hapa. Kandamiza. Usiachie hata akikusihi."

Akakimbilia kompyuta chumba cha pili. Saa nane na dakika kumi na sita akabonyeza TUMA.

Kioo kikaandika: OMBI LIMEPOKELEWA. GARI LINAKUJA. Na kitufe kikawa kijivu. Injinia alikipanga hivyo, kisibonyezeke tena mpaka yapite masaa mawili, kwa sababu alisema manesi hawana subira, wanabonyeza kama wanaokuna upele.

Nakijwa akarudi.

"Limepokelewa."

"Litachukua muda gani?" Bibi Yunisi akauliza, mikono imezama mpaka viwikoni.

"Dakika arobaini."

"Tutafika?"

"Tutafika, Bibi."

Dakika arobaini zikaisha. Hamsini. Kila upepo ulipovuma kwenye mikaratusi Nakijwa alidhani ni injini. Akapiga simu mapokezi ya hospitali, kwa kuwa namba ya dereva hakuna nesi aliyeruhusiwa kuwa nayo.

"Gari langu liko wapi?"

"Nesi, tazama kioo chako. Kimeandika nini?"

"Limepokelewa."

"Basi limepokelewa. Usituharibie utaratibu."

Ikakatwa.

Ndipo alipomwambia Togolani achukue pikipiki ashuke. Togolani alishuka milima ile kama mtu aliyetupwa. Alimkuta dereva amekaa kwenye kivuli cha gari, gari limeoshwa linang'aa, yeye anamenya chungwa.

"Ombi?" dereva akasema. "Kaka, tangu saa saba sina ombi hata moja. Nikasema leo Mungu kawaponya wote."

Wakapanda nalo, king'ora kinalia. Huko juu Elinaja alikuwa amemuuliza mama yake, "Mama, mbona giza limeingia mapema?" Jua lilikuwa linawaka dirishani. Bibi Yunisi akamjibu, "Ni mawingu, mwanangu." Gari lilipofika, alikuwa amefunikwa kanga mpya, zile zile za mjukuu.

Kesho yake hospitali ikafungua kumbukumbu za madereva. Ijumaa, saa nane, zahanati ya juu: hakuna kitu.

Ubao getini ulisema siku mia nne na kumi na mbili.

"Mtambo haujaanguka," Zefania akamwambia Dokta Mchomvu. "Kama ombi halipo, halikutumwa. Nesi hakutuma."

Neno hilo lilipanda mlima haraka kuliko gari la wagonjwa. Kisimani wanawake hawakuteka maji, waliteka habari.

"Alikuwa amelala."

"Hakulala. Alikuwa anaongea na mwanaume kwenye simu."

"Mwanaume gani atamtaka yule?"

"Ndiyo maana mazungumzo yalikuwa marefu. Alikuwa anambembeleza."

Wakacheka, kisha wakakumbuka ni msiba, wakafunika vinywa kwa kanga. Siku ya maziko Nakijwa alisimama mbali, nyuma ya watu wote. Mtu mmoja akatema mate karibu na kiatu chake. Alipofika nyumbani alikuta mlango umepakwa matope, na juu ya matope kidole cha mtu kimeandika MUUAJI.

Barua ya hospitali ikaja. Baraza litakaa Jumatano ya wiki inayofuata. Ikithibitika hakutuma ombi, atafutwa kwenye daftari la wauguzi, na polisi watamchukua kwa uzembe uliosababisha kifo. Miaka kumi na tisa, yote kwenye karatasi moja.

Siku tatu kabla ya baraza, Zefania alimtembelea. Alisikika kabla hajaonekana, funguo zile. Akakaa bila kukaribishwa.

"Dada Nakijwa, mimi sikuja kwa ubaya. Nimekuja kukusaidia."

"Saidia."

"Sema ulichanganyikiwa. Ulijaza, damu imekutisha, ukasahau kubonyeza. Binadamu husahau. Nitakuombea kwa Dokta. Utapewa onyo, utahamishwa, yatakwisha."

"Nilibonyeza."

"Mtambo unasema hukubonyeza."

"Mtambo uliniambia limepokelewa."

"Nani mwingine aliuona?"

Hakukuwa na mwingine. Bibi Yunisi alikuwa chumba kingine, mikono tumboni kwa mwanawe.

"Unaona?" Zefania akainama mbele, sauti akaishusha kama anayembembeleza mtoto. "Usishindane na kitu kisicholala, dada yangu. Mlinzi wangu ana daftari. Anaandika kila kitu, dakika kwa dakika, kwa Kiswahili safi, nilimfundisha mwenyewe. Mpokezi hata akipiga chafya, kaandika. Nikilifungua lile mbele ya watu, utakosa pa kuficha uso."

Akaacha karatasi mezani, imeshaandikwa yote, imebaki sahihi. Na kalamu juu yake.

Nakijwa alikaa mbele ya karatasi ile mpaka chai ikapoa na kufanya utando. Ubaya wa kusemwa na watu wengi ni kwamba na wewe unaanza kujisema. Je, nilibonyeza? Akanyoosha kidole, akabonyeza meza. Akabonyeza tena. Je, kile kioo nilikiona siku hiyo, au nilikiona siku nyingine, nikakichanganya? Akaona damu. Akaona kanga. Akaishika kalamu. Nusu ya jina akaiandika, haki ya Mungu, "Naki".

Hapo mkono ukasimama.

Akajiuliza: mtu mwenye shahidi humleta mbele ya baraza. Huyu ana shahidi aliyeandika kila kitu, kwa nini hamleti? Kwa nini anapanda mlima wote huu kuja kunitisha naye?

Akaikunja karatasi, akaichomeka kifuani, akaenda kulisha kuku.

Jumatano, saa nne asubuhi, ukumbi wa hospitali ulijaa mpaka madirishani. Wa mlimani walishuka kwa lori. Bibi Yunisi alikaa mstari wa mbele, mjukuu mgongoni, Togolani kando yake. Askari wawili walisimama mlangoni, pingu zinaonekana. Nakijwa akawekwa kiti peke yake, kama mwali asiyetakiwa.

Zefania alikaa mbele kwenye meza, kompyuta yake ya mapajani imefunguliwa, uso kwa watu, mgongo ukutani. Mapazia yakashushwa. Projekta iliyoning'inia darini ikamulika ukuta nyuma yake, na hapo ukaonekana mstari wa kijani, mrefu, umenyooka kama uzi wa mashine.

"Huu ni mtambo wetu, ukizimika mstari hukatika," akasema. "Siku mia nne na ishirini na tatu. Tazameni wenyewe. Una kovu?"

"Hauna," watu wakasema.

"Una mkunjo?"

"Hauna!"

"Sasa niambieni nani mwongo. Mstari huu, au huyu dada?"

Ukumbi ukanguruma. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Mpelekeni!" Mwingine akaitikia. Dokta Mchomvu akagonga meza.

"Nesi Nakijwa, una la kusema kabla sijafunga?"

Nakijwa akasimama. Sauti ilikuwa ile ile ya kuwasema akina mama wa masweta.

"Nina moja tu, Dokta. Naomba daftari la Mlinzi lisomwe."

"Daftari gani?"

"Muulize Injinia."

Zefania akacheka, kicheko cha meno bila macho. "Dokta, hilo ni jambo la mitambo. Kurasa maelfu. Lugha ya ndani, hakuna atakayeielewa hapa."

"Uliniambia ni Kiswahili safi," Nakijwa akasema. "Ulikuja kwangu ukakaa kwenye kiti changu. Ukaniambia ukilifungua mbele ya watu nitakosa pa kuficha uso. Watu hawa hapa. Na uso wenyewe huu hapa. Lifungue."

Dokta akamgeukia Injinia. 

"Ulikwenda kwake?" Dokta akauliza.

"Kumfariji tu, Dokta."

"Lifungue, Injinia."

"Sawa. Dakika moja."

Na hiyo dakika haijaisha, umeme ukakatika. Feni zikazunguka polepole zikasimama. Projekta ikafa, ukuta ukawa mweusi. Mapazia yameshushwa, watu wakabaki kivulini, mwanga pekee ni ule wa kompyuta ya mapajani, umemmulika Zefania kidevuni.

"Tulieni," Dokta akasema. "Wanakwenda kuwasha jenereta. Na tukiwa tunangoja, tusikae bure. Mwenzetu amekufa, na tangu tuingie humu hatujamtaja hata mara moja. Simameni. Tufumbe macho tumwombee Elinaja."

Watu wakasimama, vichwa vikainama. Dokta Mchomvu ni mzee wa kanisa, akianza kuomba anakwenda mbali. Nakijwa naye akafumba macho.

Sasa najua unajiuliza: kwa nini Zefania hakulifuta daftari lile siku zote hizo? Nami niliuliza. Nikajibiwa kwamba daftari la Mlinzi halifutiki akiwa kazini. Lazima kwanza umsimamishe. Na ukimsimamisha, Mpokezi akifa hakuna wa kumwinua, ukurasa unazimika zahanati zote, na ubao getini unarudi sifuri. Yaani mtu yule alikuwa tayari kumpeleka mwenzake gerezani, lakini chaki yake hakuwa tayari kuifuta. Mpaka asubuhi ile, kwenye giza lile, alipoona sasa ni ubao au shingo.

Nakijwa, macho amefumba, alimsikia Dokta akisema, "Wewe uliyempa pumzi, ndiwe uliyeitwaa." Huko nje jenereta ikakohoa mara mbili, ikashika, ikaunguruma. Na chini ya maombi, chini ya ngurumo, akasikia kitu kingine, kidogo, cha haraka. Ta, ta, ta. Vidole kwenye kompyuta.

Hakufumbua macho. Alidhani ni woga wake unamsikizisha. Alikuwa ameshakata tamaa, nadhani. Alikuwa anaomba na yeye, si kuokolewa, bali Elinaja asiamini yanayosemwa.

Umeme ukarudi.

Projekta nyingine zote duniani zikizimika husubiri mtu aje aziwashe. Hii haikusubiri. Injinia Zefania hakupenda kitu cha kungojea kuinuliwa, na yeye mwenyewe alikuwa ameipanga hivyo siku aliyoifunga: umeme ukirudi, ijiwashe. Ikajiwasha. Ikamulika ukuta nyuma ya mgongo wake, kimya kimya, kila kilichokuwa kwenye kompyuta yake, herufi kubwa kama milango.

Ukumbi mzima ulikuwa umefumba macho, isipokuwa mtu mmoja. Bibi Yunisi tangu siku ile hakuweza kufumba macho kwa maombi. Akifumba, anaona mikono yake. Alikuwa amesimama pale mbele, anatikisa mjukuu mgongoni, anatazama ukuta kwa kuwa ndio uliokuwa mbele yake. Shule aliishia darasa la tatu, akisoma anasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anayevuka mto kwa mawe.

"U-na... ha-ki-ka," akasoma.

Dokta akaendelea kuomba.

"U-na-ta-ka... ku-fu-ta..."

Jirani yake akamgusa kiwiko. Hakujali.

"...da-fta-ri... lo-te?"

Maombi yakakatika katikati ya neno. Macho yakafumbuka, mia mbili, mia tatu, yote yakaenda ukutani. Juu kabisa pameandikwa: MLINZI AMESIMAMISHWA. Chini yake mistari ya daftari, ya siku ile ya Ijumaa, aliyokuwa ameifungua Zefania.

SAA 8:17 MCHANA. MPOKEZI AMEKUFA. NIMEMWINUA. MAOMBI YALIYOPOTEA: 1. ZAHANATI YA JUU.

Na mstari mwingine.

SAA 1:05 JIONI. DAFTARI LIMEFUNGULIWA NA KUSOMWA NA: ZEFANIA.

Saa moja na dakika tano, Ijumaa ile ile. Elinaja hajaoshwa bado. Alijua tangu jioni hiyo. Alipoandika namba mpya kwa chaki asubuhi yake, alijua. Alipopanda mlima na karatasi na kalamu, alijua.

Na chini ya yote, lile swali, na vibao viwili, NDIYO na HAPANA. Juu ya NDIYO kulikuwa na mshale, mkubwa kama jembe.

Togolani akatoa sauti ambayo si neno. Nakijwa akaketi. Lakini aliyesema ni Bibi Yunisi, kwa upole, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Baba, nimesoma vizuri? Ni nini hicho unachokifuta, na sisi tunamwombea mwanangu?"

Zefania alikuwa hajui maneno hayo yanasomwa wapi. Aliona tu nyuso zote zinatazama juu ya kichwa chake. Akageuza shingo polepole, akauona ukuta, akaliona jina lake. Askari wawili walikuwa wameshaondoka mlangoni, wanakuja katikati ya viti, na walimpita Nakijwa bila kumtazama.

Na mkono wa Injinia bado uko pale pale, na mshale ukutani unatetemeka.

Funzo: Ukiinua kilichoanguka bila kuuliza kilichokiangusha, umekitayarishia mtu wa kumwangukia, na ukimwona anayesifiwa kwamba hajawahi kuanguka, kabla hujapiga makofi uliza kwanza ni akina nani waliolaliwa chini yake.